Ombi la Saini Kuruhusiwa Kuzidi Moja

Karakana ya Ngazi, Mapaa na Reli za Mkono,
Nyuma ya duka la rangi.

Kwa Mkuu wa Maktaba,

YAH: MAKTABA YAKO KUNIGOMBANISHA NA MPWA WANGU KWA SABABU YA PEMBE

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, ingawa kichwa changu ndicho kinachouma zaidi. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wasaidizi wako mkiwa na afya njema. Huku karakanani sote tu wazima, tatizo ni kwamba hatusemeshani.

Ningekuja mwenyewe kuliko kuandika, lakini pale kwenu hairuhusiwi kupaza sauti, na jambo hili nimejaribu kulieleza kwa kunong'ona nikashindwa. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Mimi ni fundi wa vyuma. Watu huniita Fundi Wima, kwa sababu hakuna kitu nilichowahi kukisimamisha kikaamua kulala. Tangu nianze kazi hii pembe zangu nimezipata kwa kipimapembe cha plastiki na jicho la kushoto, na sikuwahi kusikia mteja akilalamika, labda wale waliohama. Ndipo mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja, alipomaliza chuo akaja kunisaidia kazi huku akisubiri ajira. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya fremu ya dirisha, jicho moja nimelifumba na ulimi umenitoka nje. Akanionea huruma. Akasema, "Mjomba, unajitesa bure. Iko maktaba inayofanya hayo yote. Unaipa namba zako kwa mkupuo, inakurudishia pembe zako kwa mkupuo."

Niliposikia neno maktaba, Mheshimiwa, nilivua kofia. Mimi ni mtu wa kuheshimu elimu.

Akanieleza kwamba vimo vyote tunavipanga katika safu moja, na urefu wa vyuma vyote katika safu nyingine, kisha tunatafuta kinyume cha saini. Hapo nilimkatiza. Saini naijua, naiweka kwenye risiti. Kinyume cha saini nilidhani ni dole gumba, nikaanza kutafuta wino. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanielewesha taratibu: ukiijua pembe, saini yake inakupa uwiano wa kimo na urefu; na ukiwa na kimo na urefu lakini pembe huijui, unarudi kinyumenyume. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana, kimo ninacho, urefu ninao, pembe ndiyo inayonikimbia. Tukaelewana. Nakuhakikishia kwamba siku ile tulikuwa marafiki.

Muda si mrefu Mama Mkunga, ambaye amefungua zahanati ya akina mama mwisho wa mtaa wetu, akatupa kazi zake zote za chuma: paa la baraza, fremu za kushikilia sola, na reli ya mkono kwenye ngazi ya kupandia tangi la maji. Madhila yaliyotupata kwenye kazi hiyo nayaorodhesha hapa chini, na yote yana alama ya vidole vya maktaba yako.

1. Maktaba yako inataja pembe bila kusema ni pembe za nini. Safu ya kwanza ilipotoka, mpwa wangu alikuwa ameenda kwenye usaili. Pale penye paa la baraza paliandikwa sifuri nukta tatu tano. Nikamsomea mchomeleaji wangu, kijana wa makamo aitwaye Cheche, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba haulizi maswali. Hakuuliza. Akachomelea paa lenye mwinamo wa theluthi ya nyuzi moja, yaani bapa kama meza ya kulia chakula. Mama Mkunga akatoka, akalitazama, akalizunguka, akasema, "Fundi, hili ni paa, au umenitengenezea rafu ya vyombo?"

Nikamweleza kwamba hesabu imefanywa na maktaba, na kwamba maji ya mvua yatajua njia yao. Mvua ikanyesha nikiwa bado namweleza. Maji hayakujua njia yao. Yalikaa palepale juu yakajikusanya kama abiria wanaosubiri basi, bati likaanza kujishusha katikati, na yalipoamua kuondoka yaliondokea shingoni kwangu. Akina mama waliokuwa kwenye benchi na matumbo yao walicheka hadi mkunga akawaomba wapumzike, kwa usalama.

Mpwa wangu aliporudi alisema, "Mjomba, hizo ni radiani, kipimo kingine cha pembe. Ulitakiwa kuzigeuza ziwe nyuzi kwanza." Radiani! Mheshimiwa, mtu akija dukani akasema "nipe tatu", muuzaji humwuliza tatu za nini. Kwa nini maktaba ya watu wazima itaje namba tupu kisha inyamaze? Paa tulilirudia. Cheche naye sikumlaumu, alifuata namba.

2. Maktaba yako haijui mbele wala nyuma. Fremu za sola zilitakiwa kutazama upande ambako jua hukaa muda mrefu, na upande huo uko nyuma ya zahanati, mkono wa kushoto. Nyuma tuliandika hasi. Kushoto tuliandika hasi. Nikagawanya hasi kwa hasi, nikaipa maktaba chanya iliyotokea, nayo kwa furaha kabisa ikanielekeza mbele, mkono wa kulia. Paneli zikafungwa zikitazama ukuta wa stoo. Ukuta ule sasa ndio ukuta unaotazamwa na mitambo ya kisasa kuliko wote mtaani kwetu, na taa za Mama Mkunga zikawa zinawaka kwa huzuni.

Mpwa wangu akasema ipo njia nyingine ndani ya maktaba hiyohiyo, ambayo unaipa namba zote mbili bila kuzigawanya, nayo inatambua uko upande gani. Nikafurahi, nikazipa zote mbili. Kumbe inataka ile ya wima kwanza na ya mlalo baadaye, wakati mimi tangu shule nimefundishwa mlalo kwanza. Safari hii paneli zilitazama dirisha la jirani, mstaafu mmoja aliyekuja akiwa amejifunga taulo kuuliza kwa nini tunammulika. Ni mpwa wangu aliyezigeuza namba, paneli zikatazama jua, taa zikawaka kweli. Naomba ieleweke kwamba simlaumu yeye kwa lolote katika kipengele hiki.

3. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na naomba ukae chini.

Ngazi ya tangi ilikuwepo tangu zamani, imeegemea ukingo wa mnara na imekazwa kwa nati. Kazi yetu ilikuwa kuiwekea reli ya kushikilia, ili wauguzi wanaopanda kukagua maji wasianguke. Reli lazima ifuate mwinamo wa ngazi. Nilikwenda kupima mwenyewe, peke yangu. Nikapanda hadi kidato cha juu, nikaiachia futi kamba hadi chini, nikasoma kimo. Nikapima na urefu wa ngazi. Nikarudi, nikaziingiza namba kwenye safu pamoja na nyingine, nikabonyeza.

Pembe zikatoka zimejipanga vizuri kama wanafunzi mstarini. Lakini pale penye ngazi, badala ya namba, paliandikwa: nan.

Mheshimiwa, niseme ukweli, niliguswa. Nikamwita Cheche. Akasoma, akasema, "Fundi, inakuuliza wewe ni nani. Imesahau i tu." Tukatazamana. Nikaona ni haki yake, tumekuwa tukiituma kazi bila hata kujitambulisha. Nikaandika kwa adabu: Mimi, Fundi Wima, karakana ya nyuma ya duka la rangi, hujambo? Ikanijibu kwa maandishi mekundu, mengi, kwa lugha ya ukali. Cheche akarudi nyuma hatua kadhaa.

Mpwa wangu akaingia wakati huo, pamoja na Mama Mkunga aliyekuja kuuliza reli yake imefikia wapi. Mpwa akatazama kioo cha laptopu yake, akasema, "Mjomba, hilo si swali. Maana yake si namba. Hakuna pembe ambayo saini yake inazidi moja, na hapa umeipa moja nukta sifuri mbili. Umesema ngazi ni fupi kuliko kimo inachokifikia."

Nikamwambia, "Nimepima kwa mikono yangu."

Akasema, "Mikono haina kosa, Mjomba. Ila ngazi haiwezi kufika mahali palipo mbali kuliko yenyewe. Basi pima tena."

Pima tena! Mimi! Mbele ya Cheche, ambaye haulizi maswali, na mbele ya mteja! Nilihisi masikio yanapata moto. Nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa heshima ya vitabu vyako. Kwa ufupi nilisema kwamba nilianza kupima kabla mama yake hajaolewa, na kwamba kama chuo kimemfundisha kumwambia mjomba wake apime tena, basi chuo hicho kirudishe ada. Hakujibu. Hilo ndilo lililoniuma, bora angejibu. Alifunga laptopu yake polepole, akamuaga Mama Mkunga, akamuaga Cheche, akaniambia, "Shikamoo, Mjomba," ile shikamoo ya kuagana, akatoka.

Hajarudi tangu siku hiyo. Dada yangu alinipigia simu, akauliza, "Kaka, umemfanya nini mwanangu? Amekaa chumbani anasema hana neno." Nikamjibu kwamba sijamfanya kitu, ni maktaba. Akakata simu.

4. (Kipengele hiki nimekifuta. Mke wangu amekisoma akasema hakihusu maktaba, kinahusu wifi yake.)

5. Maktaba yako haina ubavu wa kusimama ikiona hatari. Kwenye safu ile ilinong'ona onyo kwa herufi ndogo, kisha ikaendelea na vyuma vingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Sasa mimi, kabla laptopu haijafungwa, nilipotaka wastani wa pembe zote, nimpelekee Mama Mkunga kitu cha kumtuliza, wastani nao ukatoka nan. Yaani mmoja wao amekosa namba, wote wamenyang'anywa. Hata mwalimu wa zamu hapigi darasa zima hivyo.

6. Baada ya kubaki peke yangu, sikukata tamaa. Cheche alipata kwenye simu yake maelezo kwamba maktaba yako ina upande mwingine, upande wa namba changamano, ambako hata saini inayozidi moja hupokelewa bila kelele. Nikajua kumbe mnao uwezo, mnatubania tu. Nikaipeleka moja nukta sifuri mbili yangu kwa mlango huo, kwa simu hiyohiyo ya Cheche. Haikuuliza nani. Ikatoa moja nukta tano saba, na pembeni yake sifuri nukta mbili yenye herufi j mgongoni.

Ile ya kwanza niliigeuza kuwa nyuzi kama nilivyofundishwa, ikawa tisini, yaani wima kabisa, jambo ambalo kwa jina langu nililipenda. Lakini j sikuijua. Nikamtumia mpwa wangu ujumbe mfupi: "j ni nini?" Nilikaa na simu mkononi. Akajibu maneno machache tu: "Hiyo ni sehemu ya kufikirika, Mjomba." Hakuongeza salamu, wala kile kidole gumba cha manjano anachopenda kutuma.

Nikaenda kwa Mama Mkunga, nikamweleza kwa uaminifu wote kwamba reli yake itasimama wima, na kisha itaegemea kidogo, lakini ule mwegemeo utakuwa wa kufikirika. Alikuwa anampima mtoto uzito. Akamaliza, akamfunika mtoto, akaniuliza, "Fundi, na wauguzi wangu watashika ile ya kweli, au ile ya kufikirika?"

Nikasema nitawaandikia wahusika. Ndiyo hii.

Kutokana na hayo yote, naomba maktaba yako itekeleze mambo yafuatayo, na sioni lililo gumu:

Kwanza, kikomo cha saini kipandishwe kutoka moja hadi moja na kidogo. Siombi mbili. Sina tamaa. Naomba kile kidogo tu, kiwahifadhi mafundi waaminifu ambao vimo vyao vimezidi ngazi zao kwa sababu wanazozijua wenyewe. Kosaini nayo ipewe hivyohivyo isije ikanuna. Kama kuna kamati iliyoweka kikomo hiki, nina hakika haikuwa na fundi hata mmoja ndani yake, maana fundi angejua kwamba duniani kila kipimo huhitaji nafasi ya kupumulia.

Pili, kila pembe itamke ukoo wake, nyuzi au radiani, kabla haijafika kwa Cheche.

Tatu, neno nan limaliziwe i yake na litanguliwe na samahani. Mtu akiulizwa "Samahani, nani mwenzangu?" hawezi kukasirika.

Nne, na hili ndilo ombi kubwa kuliko yote: tafadhali mwandikie mpwa wangu barua kwa karatasi yenye mhuri wa maktaba, umweleze kwamba kosa lilikuwa la kwenu. Halikuwa lake na halikuwa langu. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nasugua kutu. Kama kosa ni langu, itabidi nianze mimi. Kama ni lake, itabidi aanze yeye, na yeye ni kama mama yake, haanzi. Lakini kosa likiwa la maktaba, hakuna wa kuanza. Atarudi tu siku moja asubuhi, atasema shikamoo, nitasema marahaba, tutaendelea na kazi. Kwenye benchi lake nimeacha kila kitu kama kilivyo. Cheche alitaka kuweka kopo la rangi pale, nikamwambia pana mtu.

Nasubiri hatua zako kwa unyenyekevu na kwa haraka. Nisalimie wasaidizi wako wote, yule wa mlangoni anayetazama mikoba, na wasomaji wote waliokaa kimya. Mke wangu anakusalimu, ingawa anasema hahusiki. Cheche anakusalimu bila swali lolote. Mama Mkunga anasema salamu zake atazitoa reli ikikamilika.

Wako katika ujenzi wa mambo yanayosimama,

Fundi Wima

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha mpwa wangu alipoingia. Alisema amefuata chaja. Alipoona anwani akaomba asome, nikamwachia nikijifanya natafuta nyundo. Alisoma akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi, kisha akiwa amelala kifudifudi juu ya benchi akicheka bila sauti. Amenifahamisha kwamba maktaba tuliyoitumia si jengo lenu. Ni mkusanyiko wa programu, umo ndani ya laptopu, na waliouandika ni watu wa mbali wanaofanya hivyo kwa kujitolea na ambao hawajawahi kukanyaga mtaa wetu. Kwa maana hiyo ninyi hamhusiki na paa, wala sola, wala ngazi, na naomba radhi kwa wino wote huo.

Tumekwenda pia zahanati, kwa kuwa yeye alikuwa anapita njia hiyo na mimi nilikuwa napita njia hiyo. Alishika futi kamba chini, mimi nikashika juu. Akaniambia kwa upole kwamba siku ile lazima ncha ilikuwa imejikunja kwenye nyasi, ndiyo maana kimo kikazidi. Mimi nasema nyasi zile ni ndefu kupita kiasi na zahanati inapaswa kuzikata. Kwa vyovyote vile saini imeshuka chini ya moja, pembe imepatikana, reli imefungwa, na wauguzi wanaishika ile ya kweli. Hivyo ombi la kupandisha kikomo nimeliondoa. Nimefikiri upya na naona moja inatosha, tena ni nyingi.

Barua naituma hata hivyo kwa kuwa stempu imeshabandikwa, na kwa kuwa mpwa wangu ananiambia ninyi huazimisha vitabu. Kama mnacho kitabu kinachoeleza jinsi mtu mzima anavyoweza kumwomba radhi mtoto wa dada yake bila kulitamka neno lenyewe, niwekeeni pembeni, nitapita Jumamosi. Na mkikuta ameshakiazima yeye, msihangaike kunitafutia kingine.